Vipepeo Sita Kwenye Injini

Gari lilianza kuchoka kabla ya abiria wake. Kwenye lami lilikuwa limekimbia vizuri kupita umri wake, lakini kufika saa tano asubuhi, pale barabara ya zamani ilipoacha changarawe na kuzama kwenye uwanda wa mchanga mweupe, likaanza kupumua kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Bi Spana akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, mwendo haukuongezeka. Akarudi gia ya pili, akarudi ya kwanza, na mchanga ukazidi kuyashika magurudumu.

"Likikimbia nguvu zipo," alisema. "Likienda polepole hazipo. Hii nini sasa?"

Mshonaji alikaa pembeni yake, mkoba wa mikasi mapajani. Alikuwa akiitazama mikono ya wifi yake kwenye usukani na kujiuliza kama mtu anaweza kuliua gari kwa makusudi na bado akaonekana anahangaika.

Walikuwa mawifi, na hilo peke yake lingetosha. Bi Spana alikuwa dada mkubwa wa mume wa mshonaji, fundi wa magari kwa miaka ishirini, mwanamke mwenye viganja vipana na ulimi usio na breki. Siku ya harusi alisema mbele ya watu kwamba mdogo wake ameoa pini. Kwa miaka minne walisalimiana kwa meno tu. Sasa mume alikuwa ametangulia kwenye mji wa ng'ambo ya uwanda, amepata chumba cha biashara kinachotazama barabara, na mshonaji alikuwa anahamia huko na vyerehani vyake viwili, majora ya vitambaa na gari la marehemu baba mkwe. Hakuna aliyepinga uhamisho huo kwa sauti kubwa kumshinda Bi Spana. Halafu, wiki moja kabla ya safari, akajitolea kuendesha. Mshonaji hakuwa mtoto. Aliyekuzibia mlango, akigeuka ghafla kukubebea mizigo, unakagua mizigo.

Na hayo hayakuwa yote. Bi Spana alilifanyia gari kazi siku mbili kwenye banda lake. Siku ya kwanza alimwita mshonaji amsaidie kushikashika vitu. Siku ya pili akaufunga mlango kwa ndani, na mshonaji alipobisha akaambiwa, "Sitaki mtu hapa." Asubuhi ya safari, kwenye njia panda, akaiacha barabara mpya. Alisema daraja limekatika. Mshonaji hakuona kibao wala tawi lililowekwa barabarani kuonya watu.

Sasa, pale mchangani, ikaja sauti. Ilianza ndogo, kama kijiko ndani ya kikombe, ikakua mpaka ikawa kijiko ndani ya sufuria. Bi Spana alizima injini papo hapo, kama mtu aliyeona nyoka. Gari likajikalia mchangani mpaka tumbo. Mvuke mweupe ukatoka pembeni mwa boneti, na alipokimbia kwenda kuifungua, maji ya moto yakaruka kutoka kwenye rejeta na kumbabua mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi kifundo.

Alitukana kwa kirefu, akaulaani ukoo mzima wa aliyetengeneza kile kifuniko. Mshonaji alichana kitambaa safi cha pamba, akakilowesha kidogo, akaufunga mkono ule. Alifanya hivyo vizuri kwa sababu hakujua kufanya kitu vibaya, wala hakukuwa na upendo ndani yake.

"Maji tuliyonayo?" aliuliza.

"Dumu la kunywa. Limebaki na lita tatu hivi."

"Na nyuma ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita arobaini mpaka kwenye lami. Mbele sijui. Kuna kambi ya wajenga barabara mahali fulani."

"Mahali fulani," mshonaji alirudia.

"Wifi, usinitazame hivyo. Si mimi niliyeutandaza huu mchanga."

Simu hazikushika mtandao. Kuchimba magurudumu kwa sahani na mikono kulikula jasho tu. Jua lilipokuwa utosini, walikaa kwenye kivuli chembamba cha gari, kila mmoja upande wake, mlango kati yao. Bi Spana alieleza alichosikia, akichora mchangani kwa kidole.

Injini ile ilikuwa na mitungi sita, yaani silinda, na juu yake kulikaa menifoldi ya plastiki, lidude lenye mikono sita ya kupitishia hewa. Ndani ya kila mkono mlikuwa na kibati kidogo, kipana kama dole gumba la mtu, na vibati vyote sita vilishikwa na mhimili mmoja. Mafundi waliviita vipepeo. Vikijifunga, hewa hupita njia ndefu, na gari linapata nguvu ya kuvuta taratibu kama ng'ombe. Vikijifungua, hewa hukata njia fupi, na gari linapata mbio. Kinachovifunga na kuvifungua ni kikopo kidogo kinachovutwa kwa upepo unaonyonywa na injini yenyewe, kupitia mpira mwembamba.

"Vipepeo vyetu vimebaki wazi," alisema. "Ndiyo maana halina nguvu likienda polepole. Na sasa kimoja kimelegea skrubu, unakisikia kinavyogonga. Kikidondoka, injini inakimeza. Ikishakimeza, tusomeane dua."

"Si ulivikagua wiki iliyopita?"

"Nilivikagua."

"Vyote?"

Bi Spana aliufuta mchoro wake kwa kiganja. "Vyote, wifi."

Mshonaji aliyaweka maneno hayo pamoja na mengine.

Usiku ulikuwa wa baridi ya kukata mifupa, wakalala wamejifunika kitambaa cha gauni la bibi harusi wa watu. Alfajiri, mshonaji aliamka kutafuta jora zito zaidi. Aliinua zulia la buti la gari, akainua gurudumu la akiba, na chini yake akakuta dumu la lita tano. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Alilifungua akanusa, akalamba kidole. Yalikuwa maji safi.

Alisimama pale na dumu mkononi. Jana yake walikunywa kwa kifuniko cha chupa. Jana yake wifi yake alimwambia kwa sauti ya upole, "Onja tu, usimeze yote mara moja."

"Hili la nani?" aliuliza alipomwamsha.

Bi Spana alifumbua jicho moja. "La gari."

"Gari linakunywa maji na sisi tunaramba?"

"Rejeta imekauka. Bila hayo, hata nikilitengeneza halitembei hatua mia. Ningekuambia yapo, ungeyamaliza jana."

"Au ungeyamaliza wewe, leo, mimi nikilala."

Bi Spana alikaa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mwenzake, na jambo hilo mshonaji aliliona, lakini mtu akishaamua kushuku, hata kidonda cha mwenziwe anakiita rangi. "Sikia," Bi Spana alisema, "nikianza sasa hivi kabla jua halijakolea, nitaitoa hiyo menifoldi. Nahitaji mikono miwili mizima. Mimi ninao mmoja."

"Fanya na huo mmoja," mshonaji alisema. Akajitwisha dumu la lita tano, akafunga viatu vyake, akazifuata alama za magurudumu kurudi walikotoka.

Hakuitwa. Hilo lilimsumbua kuliko kama angeitwa. Kila baada ya hatua mia aligeuka, na kila alipogeuka alimwona Bi Spana ameinama kwenye boneti, hamtazami. Mwizi angemkimbilia, alijiambia. Halafu akajijibu kwamba mwizi mwenye akili asingekimbia, angengoja jua limfanyie kazi. Alitembea hivyo, akibishana na nafsi yake, saa nzima, na mchanga ukiingia kwenye viatu na kumsaga visigino. Dumu lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.

Jua lilipochomoza vizuri aliona kitu cheusi upande wa kulia, mbali kidogo na alama zao. Alidhani ni kibanda. Akaenda mbio mbio, maji yakimcheza kichwani. Lilikuwa gari. Lilikuwa limechakaa mpaka chuma chake kimekuwa na rangi ya mchanga, halina vioo wala viti. Boneti yake ilikuwa imefungwa, na mshonaji alipoiinua kwa nguvu zake zote aliikuta injini yote ipo, bolti kwa bolti, haikuguswa na mtu. Mbele ya gari, hatua kumi hivi, palikuwa na jozi ya viatu vya ngozi vilivyokunjamana kwa jua, vimewekwa sambamba. Mbele ya viatu hapakuwa na kitu.

Mwenye viatu alikuwa ameamua kutembea. Mshonaji alivitazama, akajaribu kukumbuka ni kilomita ngapi ametembea, akapata tano, pengine sita. Zilibaki thelathini na zaidi. Aliogopa, na hofu hiyo haikuwa ya Bi Spana tena. Ilikuwa hofu ya hesabu.

Aliporudi garini jua lilikuwa limekwisha panda sana na visigino vyake vilikuwa vimechubuka mpaka nyama. Menifoldi ilikuwa tayari imetolewa, imelazwa juu ya tambara kando ya injini, na mpira mwembamba unaning'inia pembeni. Bi Spana alikuwa ameketi kwenye ngao ya mbele, ameukumbatia mkono wake uliobabuka, uso umekuwa wa majivu kwa maumivu.

"Umekunywa kiasi gani?" aliuliza.

"Hata funda moja."

"Hayo ndiyo yatakayotutoa." Akamwonyesha miguu kwa kidevu. "Visigino vyako vinatoka damu. Funga kabla ya kuingia mchanga, kidonda cha mchanga hakiponi."

Mshonaji hakuomba radhi, na hakuombwa aombe. Alijifunga vidonda, akaweka dumu chini ya kivuli mahali ambapo wote wawili wangeliona, akasema, "Niambie nishike nini."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzuia upepo. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye matundu sita yaliyo wazi ingesaga injini kama kokwa kwenye kinu. Mshonaji alilifungua jora la hariri bandia ya bibi harusi, mita kumi na mbili, akalifunga kutoka paa la gari hadi kwenye fito mbili za kuviringishia vitambaa, akashona pembe zake pale pale. Chini ya hema hilo jeupe mwanga ulikuwa laini kama wa sebuleni, na wote wawili wakawa na nyuso nzuri kuliko walivyostahili.

Bi Spana alimwonyesha kipepeo cha nne. Kilikuwa kinalegalega, na skrubu yake moja ilishikilia kwa meno mawili tu.

"Bado meno mawili," mshonaji alisema.

"Hata bibi yangu alikuwa na mawili, na mahindi alikula." Bi Spana aliikaza kwa bisibisi, akaipima kwa kidole, akatikisa kichwa. "Itatoka tena ikitikiswa. Inataka dawa ya kushikilia, na dawa sina." Kisha macho yake yakashuka kwenye kucha za mshonaji, zile kucha alizozicheka tangu siku ya kwanza. "Chupa ya rangi hiyo, umeibeba?"

Mshonaji aliitoa kwenye mkoba. Bi Spana alizitoa skrubu zote kumi na mbili, moja moja, akazipaka rangi nyekundu kwenye meno na kuzirudisha. Rangi ilipokauka zilishika kama zimezaliwa pale.

Gasketi, ule utando wa kuziba kiungo cha menifoldi na injini, ilikuwa imechanika vipande vinne wakati wa kutoa. Bi Spana alivipanga vipande mapajani, vikakataa kuungana. Mshonaji hakungoja kuelezwa. Alitoa kwenye mizigo karatasi zake ngumu za vipimo, zile anazokatia nguo za wateja, akachagua iliyo nene. Akaupaka uso wa menifoldi oili chafu kwa kidole, akaulaza juu ya karatasi, akaubonyeza kwa uzito wake wote, akauinua. Matundu yote yalikuwa yamejichora, makubwa sita na madogo ya bolti kuyazunguka. Alikata kwa mkasi mdogo wa vifungo, polepole, ulimi umemtoka pembeni, na mkasi haukurudia mahali hata mara moja.

"Wifi," Bi Spana alisema kwa sauti ya chini, "mimi hiyo ningeikata siku nzima na isingekaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kusifiwa na mwanamke yule. Mshonaji aliona haya, akachukia kwamba ameona haya.

Ilibaki kupima upepo. Bi Spana alichukua mwisho wa ule mpira mwembamba, akautia mdomoni, akanyonya. Kama mambo yangekuwa sawa, kikopo kingevuta na vipepeo vingejifunga vyote kwa mara moja. Havikutikisika. Akanyonya tena mpaka mashavu yakaingia ndani. Kisha akaufuata mpira kwa vidole hadi ulipokutana na kikopo, mahali palipozungushiwa tepu nyeusi, na kuanza kuibandua.

Chini ya tepu, mpira haukuwa umeingia kwenye kikopo. Ulikuwa umekunjwa mara mbili mwishoni na kufungwa kwa uzi mweusi uliopakwa nta, mizunguko minane iliyobanana, fundo limefichwa ndani. Fundo lile lilikuwa zuri sana, na duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angelifunga hivyo.

Bi Spana aliinua macho. Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwake.

"Hii kazi ya nani?"

Mshonaji alitazama uzi wake. "Yangu."

"Yako." Bi Spana alisimama. "Upepo umezibwa. Vipepeo havikupata cha kuvishika, vimepigapiga njia nzima mpaka skrubu ikalegea. Gari likakosa nguvu, nikalikamua, likachemka. Yote haya ni uzi huu. Nami nimekuwa najiuliza usiku kucha nilikosea wapi." Akauelekezea mpira bisibisi. "Ulitaka nini, wifi? Nikwame hapa, halafu ukamwambie mdogo wangu nimeliua gari la baba?"

"Wewe ndiye uliyeniambia!"

"Mimi?"

"Kule bandani! Siku ile ulipokuwa chini ya gari na tochi mdomoni. Ulisema, wifi, funga huo mpira mwembamba hapo juu, halafu zungushia tepu. Nikafunga. Nikazungushia tepu."

"Nilisema ufunge!"

"Ndiyo, nikafunga!"

"Kufunga, mama! Kufunga kama unavyofunga taa, kama unavyofunga spika! Uuchomeke mahali pake! Nani anaita hivi kufunga?"

"Kila mtu mwenye uzi!"

Walitazamana chini ya hema la harusi, wote wanahema. Mshonaji aliona wazi kwamba hasadikiwi, na aliona pia jinsi inavyouma. Siku mbili alikuwa amemkata mwenzake kwa macho hayo hayo.

Bi Spana alikata uzi kwa ncha ya bisibisi, akaunyoosha mpira. Kisha akaunyoosha mkono wake mzima na kumpa mshonaji ule mpira, akasema kwa haraka, kama mtu anayeomba spana katikati ya kazi, "Haya, funga."

Mkono wa mshonaji haukungoja akili. Uliupokea mpira, ukaukunja mara mbili, na ule mwingine ulikuwa umekwisha zama kwenye mkoba na kutoka na kidonge cha uzi, na uzi ulikuwa umekwisha fika kwenye meno ukatwe, ndipo mwenyewe akajiona.

Bi Spana alimtazama, uzi mdomoni, mpira umekunjwa. Akakaa chini mchangani.

"Ee Mungu," alisema. "Kweli kabisa. Mwanamke huyu angetuua kwa utii."

Alianza kucheka, kicheko kikavu kisicho na mate, kikamuumiza midomo. Mshonaji hakucheka. Alikuwa analia, bila machozi, maana machozi nayo yanataka maji.

"Na mimi nilidhani wewe," alisema. "Tangu nyumbani. Ulifunga mlango wa banda, ukanifukuza."

"Nilifunga kwa komeo, si kwa uzi." Bi Spana alijifuta uso kwa mkono wenye bandeji. "Nilikuwa nalia, wifi. Gari la baba linaondoka, na wewe unaondoka na mdogo wangu, nabaki na banda. Sikutaka unione. Ungesema nini? Bi Spana analia?"

"Ningekaa nje nikungoje."

"Basi sikujua."

Wakaufunga mpira, kifundi, wakairudisha menifoldi na gasketi ya karatasi iliyolowa oili, bolti zikakazwa kwa zamu, moja ya kulia na moja ya kushoto. Dumu la lita tano mshonaji alilimimina mwenyewe. Alisikiliza maji yakishuka ndani ya rejeta, na koo lake likameza pamoja nayo. Ya kunywa yalibaki lita moja na nusu.

Injini iliwaka mara ya tatu. Bi Spana alichungulia chini ya boneti, akauona mhimili ukigeuka na vipepeo vikijifunga, akapiga kelele ambayo haikuwa neno. Walilichana hema la hariri vipande viwili, wakavilaza mbele ya magurudumu. Gari lilivuta taratibu, kwa nguvu ya ng'ombe, likapanda juu ya gauni la bibi harusi na kutoka.

"Kaskazini," Bi Spana alisema. "Jua likiwa shavu la kushoto, hatupotei. Wewe tazama mshale wa joto. Ukigusa nyekundu, sema."

Uligusa nyekundu baada ya saa moja na nusu, mchanga ukiwa umeanza kuchanganyika na kokoto. Mshonaji alisema. Walisimama, wakangoja injini ipoe kwa muda uliowatafuna kuliko jua lenyewe, na Bi Spana akafungua kifuniko kwa tambara, uso ameugeuza pembeni. Rejeta ilitaka maji. Maji yaliyobaki yalikuwa kwenye chupa moja, mapajani mwa mshonaji.

Bi Spana hakuyaomba. "Amua wewe," alisema. "Nikikosea hesabu, hatuna cha kunywa."

Mshonaji alitazama mbele, akaona kokoto na joto linalocheza. Akaupima uso wa wifi yake kama anavyopima bega la mteja, bila haraka. Akampa kifuniko kimoja cha maji, akajipa kimoja, na yaliyobaki akayamimina ndani ya gari mpaka tone la mwisho.

Hawakusema neno tena. Ndimi zilikuwa zimevimba. Mara mbili mshonaji aliona majengo, na mara mbili yakayeyuka. Mara ya tatu lilikuwa tingatinga la njano lililoegeshwa kando ya tuta, na mwanamume ameketi kwenye kivuli chake anamenya viazi. Alisimama, kisu mkononi, akatazama gari lile kuukuu likija na kipande cha hariri kimenasa kwenye ngao, na akapiga ukelele kuita wenzake.

Mpishi wa kambi aliwanywesha kwa kijiko. "Polepole, mama. Polepole, mtatapika." Waliwaweka kwenye ofisi, chumba cha mabati chenye meza moja na ramani iliyopauka, miguu yao ndani ya beseni moja. Msimamizi wa kambi, aliyethibitisha kwamba daraja la barabara mpya lilikuwa limechukuliwa na maji siku tatu nyuma, aliwapa simu yake.

Bi Spana ndiye aliyezungumza kwanza. Mume wa mshonaji alikuwa akipiga kelele upande wa pili, sauti ikasikika chumba kizima. Alikuwa hajalala. Alikuwa amekusanya watu na gari la kwenda kuwatafuta.

"Tupo wazima," Bi Spana alisema. "Nimebabuka mkono. Mkeo amechubuka visigino."

"Gari lilikuwa na nini?"

Bi Spana alimtazama mshonaji. Neno moja lingetosha, na ukoo mzima ungelirudia kwenye kila shughuli kwa miaka thelathini.

"Uzee," alisema. "Uzee hauna spea, mdogo wangu."

Mshonaji alilipima jambo hilo. Lilikuwa zawadi, na alijua bei yake, maana fundi akisema gari lilikufa kwa uzee anakiri kwamba yeye hakuuona uzee huo. Akaunyoosha mkono, akaichukua simu.

"Si uzee," alisema. "Ni mimi. Ule mpira wa upepo, niliufunga mimi."

Mume akarudia kama hakusikia vizuri. "Wewe? Wewe mwenyewe uliufunga?"

"Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Dada hana kosa lolote."

"Mke wangu!" Sauti ya mume ilipasuka kwa furaha. "Kumbe umejifunza! Na dada mkono umebabuka, ukaingia wewe, ukafunga!"

"Hapana, nisikilize. Niliufunga kwa uzi."

"Kwa uzi!" Akawageukia watu aliokuwa nao, na wakasikia akiwatangazia. "Jamani! Mke wangu kafunga mpira wa injini katikati ya jangwa, kwa uzi wa cherehani!" Watu wakapiga makofi.

Mshonaji aliishusha simu, akabaki kuitazama. Bi Spana alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika, maji ya beseni yanaruka mpaka kwenye ramani.

"Mwache, wifi," alisema alipopata pumzi. "Tutamfungua macho tukifika."